Daraja la Maji Kati ya Vidole

Ukilowesha kidole gumba na cha shahada, ukavikutanisha kisha ukaviachanisha polepole, maji hayakatiki papo hapo. Hubaki yameshika pande zote mbili kwa kitambo. Wanafizikia huliita daraja la kimiminika. Nimelitazama mara nyingi kabla sijaanza kulielewa, na hata sasa kuna siku naona nimeelewa nusu tu.

Kilichonisumbua kwanza ni umbo lake. Nilitarajia kiuno kikae katikati, lakini kidole kimoja kikiwa juu ya kingine, kiuno hupanda na tumbo hushuka. Nikatulia nilipojua kwamba ni uzito. Uso wa maji hujivuta ili uwe mdogo kadiri iwezekanavyo, na dunia nayo huvuta kwa upande wake. Kwa maji, mpaka wa ugomvi huo uko karibu na milimita 2.7: tone dogo kuliko hapo hukaribia kuwa tufe, kubwa zaidi hulala bapa. Basi nikasema, upogo wowote una mtu wa nje aliyeuleta. Jibu hilo lilinipendeza, pengine kupita kiasi.

Joseph Plateau, aliyefundisha fizikia huko Ghent, Ubelgiji, aliuondoa uzito huo mezani. Alichanganya maji na alkoholi mpaka mchanganyiko ukalingana uzito na mafuta ya zeituni ya ujazo uleule, kisha akayatia mafuta humo. Hayakuzama wala kuelea. Yalijikusanya yakawa tufe. Akiyashikisha kwenye visahani viwili vinavyolingana, aliweza kupata silinda iliyonyooka kabisa. Ila urefu wake ukizidi mzingo wake, yaani kipenyo mara 3.14 hivi, silinda haidumu. Nusu moja hunenepa, ya pili hukonda, kisha hukatika, na mara nyingi katikati hubaki kitone kidogo kisicho cha upande wowote.

Hapo ndipo nilipokwama. Visahani ni sawa, uzito haupo, na bado upande mmoja unachukua cha mwenziwe. Sababu ni kwamba penye wembamba mgandamizo huwa mkubwa zaidi, nao husukuma kimiminika kwenda penye unene. Wembamba ukazidi kuwa mwembamba. Daraja likiwa fupi, mpindo wa uso wake huisahihisha hitilafu hiyo. Likirefuka, nguvu ileile iliyolishikilia ndiyo inayolikata.

Tangu nilijue hilo, naona uzito kuwatazama watu kwa jicho langu la zamani. Urafiki ukienda upogo, mmoja akitoa na mwingine akipokea tu, huwa naharakisha kutafuta aliyeuvuta: wivu, fedha, maneno ya watu. Huenda wakati mwingine hayupo. Huenda umbali ulizidi tu, na kule kushikana kwenyewe kukafanya kazi iliyobaki. Sisemi ndivyo ilivyo. Watu si mafuta, nao wana hiari ya kusogeleana, jambo ambalo visahani vya Plateau havikuwa nalo. Lakini swali lenyewe limenipunguzia haraka ya kulaumu.

Nadhani linanigusa pia kwa sababu Plateau alipofuka mwaka 1843, na sehemu kubwa ya majaribio hayo ilitazamwa na macho ya wengine, ndugu na wasaidizi, wakimsimulia walichokiona. Kitabu chake kuhusu vimiminika kilitoka mwaka 1873. Miaka yote hiyo alilazimika kuuliza tena na tena: kiuno kiko wapi sasa? Mimi mwenye macho mawili sijauliza mara nyingi hivyo.

Kikomo alichokipata hakitegemei aina ya kimiminika, mradi uzito umeondolewa. Ni urefu na mzingo tu. Kimiminika kizito kama asali hukatika kwa kuchelewa, lakini kikomo chake ni kilekile cha maji.