Gazeti Nalo Lilitoa Wapi?

Mpwa wangu Zuhura,

 

Kaka yako ameniambia unawasimamia wenzako chuoni wanaoandika makala za Wikipedia ya Kiswahili. Nimefurahi. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba makala ya mji wa kale wa Kilwa mmeiegemeza kwenye ukurasa wa kampuni ya utalii, na ulipoulizwa ukajibu kuwa hata gazeti limeandika hivyohivyo.

Gazeti nalo lilitoa wapi? Machi 2009 alifariki Maurice Jarre, Mfaransa mtunzi wa muziki wa filamu. Mwanafunzi mmoja wa Dublin akapachika kwenye ukurasa wake wa Wikipedia maneno mazuri ambayo marehemu hakuyasema kamwe. Wahariri wa kujitolea waliyafuta, maana hayakuwa na chanzo, lakini magazeti yalikwisha kuyadaka, The Guardian la London likiwemo. Wiki zikapita bila mtu kushtuka, mpaka kijana mwenyewe alipoyaandikia magazeti hayo. Sasa fikiri: mtu angeyarudisha maneno yale Wikipedia na kutaja gazeti kuwa ushahidi, uongo ungejipatia shahidi uliyemzaa wenyewe.

Ndiyo maana katika chumba cha habari nilikofanya kazi kila taarifa niliiuliza ilikotoka. Waliniona mkorofi, vijana niliowafundisha wakapandishwa vyeo, mimi nikabaki palepale. Lakini hakuna habari iliyopita mezani kwangu ikaja kuombewa radhi.

Kwa Kilwa hamkosi pa kushika. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331 na maelezo yake yapo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba magofu, kitabu chake kikatoka 1974. Habari za masultani zimetufikia kwa Kiarabu na kwa Kireno cha mwanahistoria João de Barros, na hazilingani kila mahali. Semeni hivyo, mtaje zote mbili. Kampuni ya utalii inauza safari, haihakiki miaka.

Blogu ya mtu binafsi isiwe chanzo, wala Wikipedia ya lugha nyingine. Kitabu usichokifungua usikitaje. Wazee wa Kilwa wasikilizwe, ila masimulizi yao yachapishwe kwanza ndipo myanukuu.

Rudini kwenye makala hiyo wiki hii, Zuhura. Kila sentensi isiyo na chanzo cha kuaminika iondoeni, hata makala ikibaki aya moja. Mtoto wa shule atainakili daftarini bila kuuliza, na hatakuwa na mjomba wa kumwuliza alikoitoa.

Mjomba wako,
Athumani