Bafu Lisilo na Kizingiti

Watu huenda Unguja kuona bahari, kula urojo Forodhani au kupiga picha na kobe wa Changuu. Mimi nilikwenda kuangalia bafu. Nyumba yangu Dodoma ilikuwa imefika hatua ya marumaru, na mama watoto alishaamua: anataka bafu la kuingia moja kwa moja, lisilo na kizingiti wala hodhi, sakafu moja kuanzia mlangoni hadi chini ya shawa, na kioo kimoja kikubwa kisicho na fremu. Picha alikuwa nazo tele kwenye simu. Dada yangu, aliyeolewa Mji Mkongwe, alikuwa amejenga la namna hiyo kwa ajili ya mama mkwe wake. "Njoo ulione, ulioge kabisa," aliniambia, "ndiyo ukabishane na wifi yangu."

Treni ya umeme ilinifikisha Dar es Salaam kabla ya magharibi, safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula siku nzima. Nikalala Kariakoo, nyumba ya wageni ya bei ya kawaida. Bafu lake wengi tunalijua: choo, sinki na shawa chumba kimoja, hakuna pazia, hakuna kizingiti. Ukifungua bomba, karatasi za choo zinalowa, taulo inalowa, na maji yanakimbilia mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu lililo kona ya pili. Nikiwa nimesimama pale na kandambili za watu, nikawaza kwamba kitu ambacho mke wangu anakililia kwenye picha tunacho nchi hii siku nyingi. Tofauti ni kwamba hiki kilijengwa bila mtu kuuliza maji yataelekea wapi.

Boti ya asubuhi inachukua kama saa mbili. Sikuwahi kupanda chombo cha baharini, na sitajifanya shujaa: mhudumu alipopita na mifuko ya plastiki, nilichukua. Minara ya Mji Mkongwe ilipoanza kuonekana nilikuwa nimeshapata nguvu, na shemeji alikuwa ananisubiri nje ya geti la bandari huko Malindi. Akanipitisha vichochoro ambavyo peke yangu ningepotea, watu wamekaa barazani wanaitikia salamu bila kukatisha mazungumzo yao, hadi kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye mlango mzito wa kuchonga.

Bi Mkubwa, mama yake shemeji, anaishi chini. Magoti yamemwishia, ngazi hazipandi tena. Chumba kilichokuwa stoo ndicho kilichogeuzwa bafu lake, na baada ya shikamoo na chai ya maziwa nikaruhusiwa kulikagua. Hakuna urembo. Marumaru ni ndogo ndogo za rangi ya kijivu, zisizong'aa. Dada aliniambia fundi alizichagua kwa sababu mistari mingi ya maungio huzuia mguu kuteleza. Ukutani kuna mishikio miwili ya chuma, imepigwa kwenye jiwe lenyewe na si kwenye plasta. Stuli ya plastiki iko chini ya shawa. Sakafu inashuka taratibu, kama sentimita mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye mfereji mwembamba wenye wavu, na eneo la shawa ni refu kiasi kwamba maji hayafiki mlangoni. Niliyamwaga makusudi, ndoo nzima. Yalizunguka kidogo, yakaenda yanakotakiwa.

"Zamani nilikuwa naogeshwa," Bi Mkubwa aliniambia nilipotoka, bila kuona haya. "Wakwe zangu wananinyanyua miguu kuvuka lile tuta la saruji, mmoja huku, mmoja huku. Sasa mwanangu, nikioga simwiti mtu."

Nimesoma sifa nyingi za mabafu haya: yanafanya chumba kionekane kikubwa, ni rahisi kusugua kwa kuwa hayana pembe za hodhi, yanapendeza. Hizo zote kwangu ni za ziada. Sababu moja yenye uzito ni hiyo ya Bi Mkubwa, na inamhusu pia anayetumia kiti cha magurudumu, mjamzito wa miezi ya mwisho, na mimi mwenyewe Mungu akinijalia miaka.

Lakini shemeji hakutaka nibaki na picha ya chini tu. Akanipandisha ghorofani, kwenye bafu aliloliweka mpangaji wa zamani, la kioo na shawa pana la mvua, kama yale ya mke wangu hasa. Siku hizi limefungwa. "Usiangalie huku juu," akasema, "twende chumba cha chini yake, uangalie dari."

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: upana unafuata urefu wa mti, kama mita tatu hivi. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, hupumua. Ukiubandika saruji na marumaru, maji yakipenya kwenye ufa hayana pa kutokea, yanateremka. Pale darini boriti tatu zilikuwa nyeusi, moja imemomonyoka pale inapoingia ukutani. Nilipoibonyeza kwa kidole ikabonyea kama mkate uliolowa. Mpangaji alioga kwa raha zake, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua, kwa sababu juu kila kitu kilikuwa kinang'aa. Kizingiti kina kazi yake: maji yanapozidi, au tundu likiziba nywele, kinayashika. Ukikiondoa, unategemea mteremko na ile dawa ya kuzuia maji iliyopakwa chini ya marumaru, kitu ambacho hukioni tena na ambacho ndicho fundi wa haraka hukiruka kwanza.

Alasiri tukatembea hadi Hamamni, bafu la umma lililojengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Halitumiki siku hizi, lakini unaruhusiwa kuingia. Vyumba vinafuatana chini ya makuba, na kila kinachopokea maji kimekaa juu ya ardhi. Baba yake Barghash, Sayyid Said, alikuwa ameshajenga mabafu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na hayo nayo yako chini. Shemeji, ambaye kazi yake ni uhasibu na si ujenzi, alisema wafalme wale wangeweza kuoga ghorofa yoyote waliyotaka. Sikuwa na la kumjibu.

Usiku nikampigia mke wangu. Nyumba yetu ni ya chini, zege liko juu ya udongo, kwa hiyo kizingiti tukakikubaliana mara moja: hakuna. Nikamwambia amzuie fundi asibandike marumaru. Kwanza apake dawa mara mbili, sakafuni na kupanda ukutani hadi juu ya shawa, ikauke. Halafu azibe tundu, ajaze maji, yakae siku nzima na usiku wake. Yakipungua, arudie. Na bafu la wageni libaki na kizingiti, maana hupita wiki kadhaa bila kutumika, sasa kuhangaika na mteremko wa gharama huko ni kwa faida ya nani?

"Na kioo?" akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Maji yetu yanatoka visima vya Mzakwe, na kila mtu wa Dodoma anajua yanavyoacha weupe kwenye birika na sufuria. Kioo cha milimita kumi kitahitaji kufutwa kwa fagio la mpira kila baada ya mtu kuoga, na siku za mgao tunaoga kwa ndoo na kopo, maji yanarukia kila upande. Nikapendekeza kiukuta cha tofali, urefu wa kifua, kibandikwe marumaru. Akanyamaza kidogo, kisha akasema sawa, ila rangi atachagua yeye, na zile marumaru za kijivu za Bi Mkubwa hazitaki hata bure. Dada, aliyekuwa anasikiliza kwenye spika, akamuunga mkono.