Kibofu, Kufuli na Utu

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi na niyataje: ninaishi na maltipo sklerosisi, maradhi ambayo wengi huyaita MS kwa kifupi, na kinachonitaabisha kuliko miguu ni kibofu cha mkojo.

Katika maradhi haya kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, ikashambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Ujumbe kati ya ubongo na kibofu huchelewa au hukatika. Hapo kibofu aidha hujikaza kabla ya kujaa, haja ikaja ghafla isiyongoja. Au mlango wake hugoma kulegea, mkojo ukabaki ndani na kukaribisha maambukizi. Wapo wanaopatwa na yote mawili.

Nafuu ipo: mazoezi ya misuli ya nyonga, kukizoeza kibofu saa maalumu, dawa za kukituliza, na kwa wengine mrija mwembamba ambao mgonjwa huuingiza mwenyewe ili kutoa mkojo uliobaki. Lakini mrija huo wadai maji, sabuni, mwanga na mlango unaofungika. Hapo ndipo maradhi yangu yanapokutana na siasa.

Tazameni tulivyojipanga. Choo cha ofisi hutiwa kufuli, na ufunguo huombwa kwa katibu muhtasi mbele ya wageni. Msimamizi wa mtihani humtilia shaka mtahiniwa anayetoka mara mbili. Basi la mikoani husimama porini abiria wakachimbe dawa, kana kwamba kila mwili waweza kuchuchumaa kichakani na kurejea kabla honi haijalia. Wagonjwa wengi hujitungia sheria yao: hawanywi maji. Kinga hiyo huwageukia, kwani mkojo mzito hukiwasha kibofu, na maambukizi hupata nafasi.

Sheria hatujazikosa. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji na usafi kuwa haki ya binadamu, na Katiba ya Kenya ikaziweka haki hizo katika Ibara ya 43. Tatizo letu ni kwamba tunauheshimu ulemavu unaoonekana, tena siku ya hafla. Njia ya kiti cha magurudumu huzinduliwa kwa utepe na picha. Kibofu hakina utepe wa kukatwa.

Kwenu mnaosimamia ofisi, kumbi na vituo vya mabasi, ninayoyaomba hayahitaji bajeti ya wafadhili. Ondoeni kufuli. Wekeni maji na sabuni. Mruhusuni mtu atoke kikaoni bila kuhojiwa. Nimeandika haya ya mwilini mwangu kwa hiari; asiwepo mtumishi wala mwanafunzi atakayelazimika kuyasimulia ya kwake ili apewe ufunguo.