Nimehama mezani, nimehamia barabarani

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mlishaanza kudhani nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa safarini. Nawaandikia kutoka chumba cha gesti hapa Malaba, na stima imerudi dakika kumi zilizopita, kwa hivyo wacha niharakishe.

Nianze mwanzo. Kwa miaka minne nimekuwa nikitengeneza programu katika kampuni ndogo mjini Mombasa. Programu yetu hutumiwa na wenye malori na mawakala wa forodha. Lori likipakia bandarini, karani anaingiza namba zake, na wakala aliye mpakani anaona karatasi zipi zinalisubiri lori lipi. Fomu ya kuingiza namba niliiandika mimi mwenyewe, na nilijivunia sana. Ukikosea herufi moja tu, inakukatalia. Hakuna takataka inayoingia. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni.

Lakini malalamiko kutoka mipakani hayakuisha, na kila tulipofungua hifadhidata tuliona kila kitu ni safi. Mwishowe mkurugenzi akaamua kwamba mtu mmoja aende akae na watumiaji: Malaba, Busia, kisha mipaka mingine, akizunguka mwaka mzima. Miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio, na meza yangu ya Mombasa anapewa mtu mwingine. Yaani nikishindwa, sina pa kurudi. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri vizuri.

Mama hakufurahi. "Mwanangu, digrii yote ile ya kompyuta, ndiyo uende ukakae na madereva wa malori?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Basi nikapakia nguo, kompyuta na godoro ndani ya Probox yangu kuukuu, nikaondoka alfajiri. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Nilikuwa nimeiona njia hii kila siku kwenye ramani ya programu yetu, vidoti vya kijani vikitambaa kuelekea magharibi. Kwenye ramani huoni mizani. Pale Mariakani nilikuta malori yamejipanga kupimwa uzito. Mimi na kigari changu nikapita. Karibu na Nairobi upo mji unaoitwa Mlolongo, na watu wanasema jina hilo lilitokana na foleni hizo hizo za malori. Miaka minne nikiandika programu ya malori, sikuwahi kujiuliza kwa nini mji uitwe hivyo.

Nililala Nairobi kwa binamu yangu. Siku ya pili nikapita Naivasha, Nakuru, kisha Salgaa, mahali ambapo madereva wa masafa marefu hupumzika. Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, mimi mtoto wa pwani nilivaa sweta mbili na bado meno yaligongana. Eldoret, Webuye, Bungoma... na jua likizama nikaona mkia wa foleni. Malori upande mmoja wa barabara, injini zimezimwa, mtu anapika chai chini ya trela. Nikajua nimefika.

Kwa wasiojua, mambo ya mpakani hapa yamebadilika sana. Tangu 2014, chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, mizigo mingi ya Uganda hulipiwa kodi kabla haijaondoka bandarini Mombasa. Halafu vikaja vituo vya pamoja vya mpakani. Kile cha Busia kilizinduliwa na marais Kenyatta na Museveni Februari 2018. Zamani lori lilisimama mara mbili, upande wa Kenya na upande wa Uganda. Siku hizi maafisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja katika nchi unayoingia, na unasimama mara moja. Mwaka 2020, wakati wa upimaji wa Korona, foleni ya Malaba ilinyooka kilomita nyingi, lakini hayo yalipita. Kwa hiyo nilikuja nikiwa na imani kwamba nikikuta lori limekwama, kosa litakuwa la mtu mwingine.

Asubuhi ya kwanza nikakuta mzee mmoja dereva ofisini kwa wakala wetu. Amelala hapo nyuma ya usukani usiku wa pili.

"Shikamoo, mzee."

Akacheka. "Marahaba. Wewe ni wa pwani, huku hatuamkiani hivyo."

Shida yake ilikuwa hii. Lori liliharibika karibu na Salgaa, tajiri akatuma kichwa kingine, trela ikaunganishwa, safari ikaendelea. Alipofika Malaba, wakala akatafuta namba ya kichwa kipya kwenye programu: hakuna. Akatafuta namba ya trela: hakuna. Kwa hivyo karatasi zilikuwa zikisubiri lori ambalo limelala gereji, na mzee alikuwa akisubiri karatasi.

"Kijana," akaniambia, "kichwa kinabadilika. Trela ni ile ile. Kwa nini kompyuta yenu haijui trela?"

Nikafungua msimbo wangu hapo hapo, mbele yake. Kanuni yangu ilidai herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja. Namba za magari ya Kenya ninayoyaona mjini ziko hivyo. Lakini namba za trela huanza na Z, herufi mbili na tarakimu nne. Fomu yangu ilikuwa ikizikataa zote tangu siku ya kwanza! Makarani wa bandarini, wakiwa na foleni ya watu mlangoni, walijifunza njia ya mkato: kwenye nafasi ya trela waliandika namba ya kichwa mara ya pili. Fomu ikafurahi. Mimi nikafurahi. Hifadhidata ikang'aa.

Mzee aliondoka saa nane mchana, baada ya simu nyingi za Mombasa. Siku mbili zake hazikulipwa na mtu.

Kesho yake nikaenda Busia, kama kilomita 30 kusini, nikiomba Mungu shida iwe ya Malaba peke yake. Wakala wa huko akafungua droo, akatoa daftari la shule la kurasa 200. Humo ameandika kwa kalamu kila trela, kila tarehe, kila dereva. "Programu yenu ni ya kumwonyesha bosi," akasema bila ubaya wowote. "Kazi tunafanyia hapa."

Busia ndiko inakosemekana neno bodaboda lilizaliwa. Geti la Kenya na la Uganda yalikuwa mbali, na vijana wenye baiskeli walikuwa wakiita abiria, "boda, boda!" Hakuna ofisi iliyobuni kazi ile. Palikuwa na pengo, watu wakalijaza. Nililitazama lile daftari nikaona ni kitu kile kile. Pengo nililiacha mimi.

Kurekebisha kanuni kulinichukua dakika ishirini. Kilichonichukua usiku mzima ni ripoti. Ningeweza kuandika "nimeboresha fomu" na kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini rekodi zote za trela za nyuma ni za uongo, na wateja wanazilipia. Nikaandika hivyo, na nikaandika aliyekosea ni nani. Nipo kwenye majaribio, nakumbusheni.

Nikabonyeza kutuma. Simu ikawa imenasa mtandao wa Uganda, ikakataa. Nikatembea kuelekea upande wa Amagoro nikiwa nimeinyanyua juu kama mwendawazimu, hadi ikaenda.

Jibu limekuja leo, neno moja: "Tutaongea." Sijui maana yake. Mama amepiga simu pia, anauliza hao madereva wananifundisha nini. Safari hii nilikuwa na jibu.

Kesho narudi Busia. Wakala amekubali kuniazima daftari.