Vidole Vinne

Niliharibu usukani wa gari langu, kisha nikamlaumu mke wangu. Naanza na hilo kwa sababu habari za ngozi na uzi zitakazofuata zinaweza kunifanya nionekane mtu aliyepatwa na bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya.

Gari lenyewe ni Corolla ya mwaka 2004, lilifika Dar likiwa tayari mtumba wa Japani. Ngozi ya usukani ilianza kuchubuka upande wa kulia juu, pale ninapoegemeza mkono kwenye foleni. Ni jua, ni jasho, na ni ile miezi ya 2020 tuliyokuwa tukijipaka vitakasa mikono kila tukifungua mlango, spiriti ikaila rangi ya juu taratibu. Nikawa nafika kazini na vipande vyeusi viganjani kama mchoma mahindi.

Fundi wa viti vya magari aliniambia Sh 60,000. Nikacheka moyoni. Usukani una kipenyo cha sentimita 38, mzunguko wake haufiki hata mita moja na robo. Pesa yote hiyo kwa utepe wa ngozi? Mimi niliyeshona mikoba miwili na mkanda mmoja, na mkanda bado nauvaa? Nikanunua kipande cha ngozi ya ng'ombe kwa Sh 15,000, uzi wa nailoni uliotiwa nta na sindano mbili butu. Msharasi nilikuwa nao.

Nilipima duara la usukani nikapata sentimita 119. Nikakata 119. Unene wake ulikuwa 9.5 kuuzunguka, nikakata 9.5. Nikajisifu kwa usahihi. Ngozi si bati. Hutanuka, tena yangu ilitoka tumboni mwa ng'ombe, sehemu inayolegea kuliko ya mgongoni, ndiyo maana niliuziwa kwa bei ile. Ilitakiwa ikatwe pungufu, iingie kwa ugomvi. Yangu iliingia kama soksi, nami nikaona hiyo ndiyo dalili ya ufundi.

Ngozi ya zamani sikuibandua. Niliifuta kwa dawa ninayong'arishia dashibodi, eti iwe safi, kisha nikapaka gundi juu yake. Dawa ile ina silikoni, na kupaka gundi juu ya silikoni ni kubandika stempu kwenye sahani yenye mafuta. Na pale vikono vya usukani vinapokutana na duara niliacha nafasi pana, nisihangaike kukata kwa karibu. (Kitu pekee nilichofanya sawasawa ni kutougusa mfuko wa hewa. Si kwa busara. Niliogopa.)

Nilishona usiku tatu. Mishono ilikuwa mizuri, hilo siwezi kujinyima. Jumamosi nikamwita jirani wa ng'ambo ya kichochoro aje kuona, akapitisha kidole juu ya uzi, akaniuliza nitamshonea wake kwa bei gani.

Wiki ya pili nikaona kitu. Kiungo, pale ncha mbili za ngozi zinapokutana, nilikiweka chini kabisa, katikati. Asubuhi moja nikakuta kimesogea kulia, upana wa kidole. Nikakirudisha. Kesho yake, vidole viwili. Nikakirudisha. Nikajiambia ngozi mpya lazima izoee, kama kiatu. Sikuwa naamini, ila sifa nilikuwa nimeshazipokea. Ukiwa na msharasi na Jumamosi tupu, nawe utajaribu siku moja, na mkono wako utajifunza kukirudisha kile kiungo haraka kuliko mdomo utakavyojifunza kukitaja.

Alhamisi mke wangu alikuwa anampeleka mtoto kliniki. Ningeweza kusema. Nilimpa ufunguo.

Hawakufika barabarani. Ukitoka getini kwetu unakata kushoto, kona kali, la sivyo unakutana na nguzo ya geti la jirani. Nilisikia mlio nikiwa napiga mswaki. Mtoto mzima, mama mzima, taa ya kulia imevunjika, fenda imeingia ndani.

"Umechelewa kukata, Mama Nuru," nikasema, mswaki ungali mkononi.

"Baba Nuru, mimi nimekata. Gari ndilo halikukata."

Nikatikisa kichwa. Jirani alikuwepo, naye akatikisa chake.

Wao wakaingia ndani, mimi nikakaa kwenye usukani nilirudishe gari uani. Nikawasha, nikashika kwa mikono miwili, nikavuta kushoto kwa nguvu. Mikono yangu ikaenda. Chini ya viganja nikahisi ngozi ikiteleza juu ya ngozi, laini, bila sauti yoyote. Nembo iliyo katikati ya honi ilibaki imesimama wima, inanitazama. Nikainama kukitafuta kiungo. Nikapima kwa vidole: vinne. Ni kama sentimita nane, na kwenye duara la 119 hizo ni nyuzi 24. Mke wangu alizizungusha nyuzi zote 24, na magurudumu hayakupata hata moja.

Kwa dakika mbili hivi nilitafuta namna ambayo lingekuwa bado kosa lake. Sikuipata.

Taa ya mtumba Sh 90,000. Kunyoosha fenda na rangi Sh 140,000. Nguzo ya jirani Sh 35,000. Na zile Sh 60,000 za fundi, ambazo hazikupungua. Mke wangu nilimwambia ukweli kesho yake, si siku ileile. Jirani nilimwambia baada ya wiki, maana bado alikuwa anauliza zamu yake lini.

Fundi alikata mishono yangu kwa wembe, kava likatoka zima kama gamba la nyoka. "Mshono mzuri, bosi," akasema, akalitupa. Akachomoa betri, akasubiri, akatoa mfuko wa hewa, akafungua usukani wote. Ngozi ya zamani aliibandua hadi kwenye sponji, akapiga msasa. Yake ilikuwa nyembamba, milimita moja hivi, imekatwa pungufu kwa sentimita tatu, na alipokuwa akiivisha aliubana usukani kwa magoti huku jasho likimdondoka. Nikamuuliza kama haitachanika.

"Stelingi ikivaa bila jasho, bosi, ujue itakuvulia njiani."

Mwaka umepita, kiungo hakijasogea. Mke wangu akiingia garini, kabla hajawasha, huushika usukani kwa mikono miwili na kuuminya huku na huku kama anayekamua nguo. Macho yake yako mbele. Mimi nafunga mkanda.