Bandu Bandu Humaliza Gogo

Je, umewahi kupanda kwenye mizani wiki baada ya wiki, mshale usisonge? Mimi yamenipata.

Baada ya upasuaji wa kuwekewa ukanda unaobana sehemu ya juu ya tumbo, nilipungua kilo 19 kwa miezi mitano. Majirani zangu hapa Ukunda walinisifu. Kisha mizani ikagoma kwenye kilo 96 kwa wiki saba. Niliisukuma mvunguni, nikajilaumu kwamba karo ya watoto nimeitupa baharini.

Siku moja tulialikwa harusini Msambweni. Wali ulinishinda kwa vijiko vichache, lakini sharubati ya maembe nilikunywa bilauri tatu! Hapo nikazinduka. Ukanda huzuia tonge, hauzuii kinywaji kitamu. Isitoshe, mwili ukipungua, nao huhitaji chakula kidogo kuliko awali. Kukwama si ajabu.

Siku hizi nanywa chai ya rangi isiyo na sukari. Alfajiri, maji yakitoka, natembea ufuoni Diani kabla jua halijawa kali. Juzi nilijifunga leso ambayo zamani ncha zake zilikutana kwa shida. Fundo likakaa bila taabu. Mizani ilikuwa haijaniambia hilo.

Ndugu msomaji, ukikwama usijifiche. Rudi kwa daktari akaukague ukanda, pima kiuno, chunguza bilauri yako. Gogo halianguki kwa shoka moja, lakini bandu bandu huisha.