Dawa ya koko isizikwe pamoja naye

Huku kwetu Butembo na Beni, mtu akitaja munganga, wengi tunawaza mwanaume mwenye bluzi nyeupe. Akitaja mfumu, tunawaza mzee na pembe yake. Lakini nani alitutunza tulipokuwa wadogo, tumbo likiuma usiku na kituo cha afya kiko mbali? Koko, mama mzazi wa wazazi wetu. Nani alipokea watoto vijijini mbele ya maternite kufika? Tena ni wamama. Kazi yao haikuitwa kazi, iliitwa malezi tu. Njo maana haikuandikwa fasi yoyote.

Elimu hiyo ilikuwa na masharti yake. Koko alichagua mjukuu mmoja mwenye kunyamaza na kukumbuka, akaenda naye kuchuma. Wengine waliletewa dawa bila jina: «Kamata, kunywa, usiulize.» Tusimhukumu koko haraka. Siri ilikuwa mali yake, na tena ilimkinga. Maana mwanamke mzee akijua majani ya kuponyesha, jirani husema anajua pia yale ya kuua, na neno «mulozi» limekwisha kufukuzisha wamama wengi katika nyumba zao.

Lakini siri ina bei, na wenzetu wa Uchina wanaweza kutuonyesha bei hiyo. Kule aliishi mwanamke mganga, Tan Yunxian, aliyezaliwa mwaka 1461. Aliyemfundisha alikuwa nyanya yake mwenyewe, kama kwetu. Wanawake wa jamaa za heshima waliona haya kuonekana na mganga mwanaume, basi walimwendea yeye. Alipofikia karibu miaka 50 alikamata kalamu, akaandika habari za wagonjwa 31, wote wanawake, na dawa alizowapa. Ni kitabu cha mwaka 1511. Miaka zaidi ya 500 imepita, na kingali kinasomwa.

Mwingine ni Tu Youyou, mama wa wakati wetu. Alipotafuta dawa ya malaria, kundi lake lilipima mamia ya maji ya majani juu ya panya, na mengi hayakufaa. Ndipo alirudia maandiko ya Ge Hong, ya karne ya 4. Mule mmeandikwa kwamba jani la qinghao liloweshwe katika maji, likamuliwe, maji yake yanywewe. Hakuna neno la kuchemsha. Akawaza kwamba pengine moto njo unaharibu dawa, akatumia joto dogo, na mwaka 1972 wakapata artemisinini. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Vidonge vya malaria vinavyotolewa kwa watoto wetu leo vimetokana na dawa hiyo.

Tuone vizuri somo la hapo. Jina la jani peke yake halikutosha. Kilichoponyesha ni lile neno dogo: kulowesha, si kuchemsha. Na maneno madogo kama yale njo koko anayabeba kichwani: mizizi ao maganda, asubuhi ao jioni, kijiko kimoja ao kikombe. Siku ya kumzika tunabaki na jani ambalo hatujui kulitumia.

Hatuandiki haya ili tukatae hospitali. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu 2.287, wengi wao katika Mangina, Beni, Katwa na Butembo. Vituo vidogo vinavyoitwa tradi-moderne, fasi majani na sindano vinachanganywa pamoja, vilisaidia ugonjwa kuenea. Koko wa kweli alijua mpaka wa dawa yake. Akiona damu haisimami, alisema: «Mupelekeni kwa munganga.» Nalo neno hilo ni sehemu ya elimu yake, liandikwe.

Wakati haupo. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamefunga njia za mashamba na msitu. Mama anayekimbia na watoto mgongoni hawezi kubeba bustani yake ya dawa, na mjukuu anayekulia mjini hajapata kuona mti wenyewe.

Tena tuandike kwa akili. Mti unaoitwa Prunus africana na wataalamu, maganda yake yalitolewa kwa magunia katika milima yetu, yakapelekwa Ulaya kutengeneza dawa ya prostate. Wenye mlima walilipwa maganda, hawakulipwa elimu. Kwa hiyo jina la koko litangulie juu ya ukurasa, na yeye aseme kipi kitoke na kipi kibaki nyumbani.

Walimu wenzetu, wazazi, tuanze na daftari. Mwanafunzi aandike jina la mti kwa Kinande, fasi unapoota, kipande kinachotumiwa, namna ya kutengeneza, kipimo, nani asinywe, na lini mgonjwa apelekwe hospitali. Kuandika si kuhakikisha. Kupima ni kazi ya wenye maabara, na hapa Butembo tuko na kitivo cha uganga katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Lakini hakuna atakayepima kitu ambacho koko amekwisha kwenda nacho.